Picha Mbovu Inayowahi

Mtu akivaa miwani ya rubani wa mbio za droni kwa mara ya kwanza, hudhani imeharibika. Rangi zimefifia, maandishi ya pembeni yanachezacheza, na droni ikipita nyuma ya nguzo ya zege picha inajaa chenga kama televisheni ya chogo iliyopoteza antena. Mataji mengi makubwa ya mchezo huu yametwaliwa na watu waliokuwa wakitazama picha ya namna hiyo. Mitambo yenye picha safi wanaijua, na wengi wanaimiliki. Siku ya mashindano huiacha nyumbani.

Sababu ni muda. Droni inayokwenda kilomita 108 kwa saa inakata mita 30 kila sekunde. Picha ikichelewa milisekunde 50 kutoka kwenye kamera hadi kwenye jicho, droni imeshasogea mita moja na nusu kabla rubani hajaona ilipokuwa, na mita moja na nusu ndio upana wa malango mengi ya mashindano. Kwa hiyo anayeona vizuri lakini kwa kuchelewa huligonga lango ambalo machoni pake bado liko mbele. Mtambo wa zamani wa analogia hutumia takriban milisekunde 20 hadi 30 tu. Una faida nyingine pia: ukizidiwa na umbali au ukuta, unaharibika taratibu. Chenga zinaongezeka, rubani anapata onyo, na umbo la lango bado linaonekana. Mtambo wa kidijitali unaweza kuganda ghafla, picha ya mwisho ikabaki imetulia machoni huku droni ikiendelea kuruka kuelekea kusikojulikana.

Kampuni ya DJI ilipotoa mtambo wake wa kidijitali wa FPV, yaani wa kuruka kwa kutazama picha ya kamera ya droni, mwaka 2019, wapiga picha na warukaji wa kujifurahisha waliukimbilia, na walikuwa na haki. Mlima, ufukwe au msitu ulioonekana kwa ukungu sasa ulionekana kama ulivyo. Wakimbiaji wengi walibaki na chenga zao, na baadaye baadhi wakahamia HDZero, mtambo wa kidijitali uliobuniwa makusudi ili picha isicheleweshwe. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila kifaa cha mchezo huu, kuanzia propela hadi redio. Kimeundwa, kikavunjwa na kuundwa tena, mara nyingi na watu wasiolipwa, kwa lengo moja la kufupisha safari kati ya jicho na kidole.

Droni yenyewe ni kitu kidogo kuliko sauti yake. Ina mikono minne ya nyuzi za kaboni, mota nne zisizo na brashi na propela za inchi 5. Bila betri haifiki nusu kilo. Mota mbili huzunguka upande mmoja na mbili upande wa pili, na kila mwendo, iwe kupanda, kupinduka au kukata kona, hutokana na kuongeza au kupunguza kasi ya mota hizo. Hakuna usukani wala bawa. Ili isonge mbele sharti iinamie mbele, na inapokwenda kasi inainama sana, kiasi kwamba kamera ikifungwa wima itaonyesha nyasi tu. Ndiyo maana kamera ya mbio huelekezwa juu kwa nyuzi 30 hadi 50. Ukiona droni imetua na kamera yake inatazama mawingu, ujue mwenyewe ana haraka.

Tofauti kubwa kati ya droni hii na ile ya kupigia picha za harusi iko kwenye vijiti vya rimoti. Ile ya harusi ukiachia vijiti inasimama hewani na kungoja. Ya mbio haingoji. Kijiti kinaamuru kasi ya kupinduka tu, na droni iliyolazwa ubavu itabaki imelala ubavu hadi rubani aiinue mwenyewe. Hakuna setilaiti inayoishikilia mahali, hakuna kihisi kinachoona ukuta. Anayeanza huiangusha mara nyingi mno, na hilo halina njia ya mkato.

Betri ndiyo sehemu inayohitaji heshima kuliko zote. Ni ya lithiamu polima, yenye seli 4 au 6. Seli iliyojaa ina volti 4.2, inayohifadhiwa kabatini huachwa kwenye volti 3.8 hivi, na ikishushwa chini sana inaanza kufa. Dakika mbili au tatu za mbio zinatosha kuimaliza. Rubani anaisoma volti pembeni mwa picha yake, na anajua kwamba kila akifungulia mota zote kwa pamoja namba inaporomoka kwa muda, kisha inapanda tena akilegeza. Betri iliyovimba au kutobolewa inaweza kuwaka, na moto wake ni mkali. Wenye uzoefu huchaji juu ya zege au ndani ya mfuko usioshika moto, na hawaendi kulala betri ikiwa kwenye chaja.

Kazi ya mezani ni nusu ya mchezo. Waya wa betri unaunganishwa kwa lehemu kwenye bodi ndogo iliyojaa vipande vya elektroniki, na tone moja la risasi likiangukia mahali pasipo pake, droni mpya inatoa moshi papo hapo. Kwa hiyo mafundi wana mbinu rahisi. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza wanapitisha umeme kwenye balbu ya gari ya volti 12 iliyowekwa kati ya betri na droni. Balbu ikimulika kidogo na kufifia, mambo ni salama. Ikiwaka na kubaki inang'aa, kuna waya zinazogusana mahali fulani, na balbu imeumeza umeme ambao ungeunguza bodi. Kifaa cha thamani ndogo namna hiyo kimeokoa droni nyingi.

Hata ubongo wa droni hizi ulianzia kwenye vitu vya kuchezea. Mwaka 2010 Mfaransa Alexandre Dubus aliandika programu aliyoiita MultiWii, iliyotumia bodi rahisi ya Arduino pamoja na jairoskopu zilizotolewa ndani ya rimoti za mchezo wa Nintendo Wii. Kihisi kilichoundwa ili mtoto acheze tenisi sebuleni kikawa kinashikilia chombo angani. Kwa kuwa programu ilikuwa huria, wengine waliichukua na kuihamishia kwenye bodi zenye nguvu zaidi. Ikazaa Baseflight, nayo ikazaa Cleanflight, na kutoka hapo ikatokea Betaflight, ambayo leo inaendesha droni nyingi za mbio duniani. Bodi ya sasa inaweza kusoma jairoskopu mara 8,000 kwa sekunde na kusahihisha mota kabla rubani hajahisi mtikisiko.

Redio ilifuata njia hiyo hiyo. ExpressLRS, mfumo huria wa mawasiliano kati ya rimoti na droni, unaweza kupeleka amri za vidole mara 500 kwa sekunde na zaidi. Kipokezi chake hutoshea kwenye ukucha. Kabla ya kufika huko, mtu alilazimika kuchagua kati ya redio inayofika mbali na redio inayowahi, na kwa bei ya kuumiza. Watu wa kujitolea waliandika programu, viwanda vya China vikatengeneza vipokezi vya bei nafuu vya kuiendesha, na leo kijana anayeanza anashika redio yenye uwezo sawa na ya bingwa.

Mbio zenyewe ni changa. Mwaka 2014 wanachama wa klabu moja ya Argonay, karibu na Annecy huko Ufaransa, walikimbiza droni zao katikati ya miti msituni, wakaweka video mtandaoni. Mamilioni ya watu waliona taa zikipenya kati ya vigogo, na mafundi waliokuwa wamejitenga kila mmoja kwenye karakana yake wakagundua kwamba wana mchezo. Julai 2015 Marekani ilifanya mashindano ya kitaifa kwenye maonyesho ya jimbo la California mjini Sacramento. Aliyetamba alikuwa Chad Nowak, mgeni kutoka Australia.

Kisha Dubai ikaweka pesa mezani. Machi 2016 ilifanya World Drone Prix, mashindano yenye zawadi za jumla ya dola milioni 1, kwenye njia iliyojengwa kwa mataa na kupinda hewani usiku. Timu ziliingia na mafundi wao, kwa sababu droni ililazimika kutua katikati ya mbio kubadilishiwa betri. Dola 250,000 za mshindi zilikwenda kwa timu ya Tornado X-Blades ya Uingereza, na rubani wake, Luke Bannister wa Somerset, alikuwa na miaka 15.

Umri huo haukuwa ajali. Miaka miwili baadaye Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, chombo kilichoanzishwa mwaka 1905 enzi za maputo na ndege za kwanza, lilifanya ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa mbio za droni mjini Shenzhen, China. Bingwa alikuwa Rudi Browning wa Australia, mwenye miaka 15. Taji la wanawake lilichukuliwa na Wanraya Wannapong wa Thailand, msichana wa miaka 11. Katika mbio nyingi za magari, mtoto wa umri huo haruhusiwi kushindana na watu wazima. Hapa nguvu za mwili hazina kazi, uzito wa rubani hauingii kwenye hesabu, na saa nyingi za mazoezi zinaweza kupatikana chumbani mbele ya kompyuta. Mchezo umewatendea haki watoto kwa namna ambayo michezo mingine haiwezi, na hilo pekee linatosha kuutazama kwa makini.

Marekani ilizaa njia mbili tofauti. Drone Racing League, iliyoanzishwa na Nicholas Horbaczewski mwaka 2015, ilichagua televisheni: viwanja vikubwa, taa, na mkataba wa dola 100,000 kwa bingwa wa msimu wa kwanza, Jordan Temkin, aliyelitetea taji lake mwaka uliofuata. Ligi hiyo ilijenga droni zote yenyewe, zilizofanana kabisa, na kumkabidhi kila rubani. Mtazamaji alipata ushindani wa haki, kwa kuwa hakuna aliyeshinda kwa kununua mota bora. Gharama yake ilikuwa kwamba fundi aliondolewa mchezoni. Yule aliyekesha akichagua pembe ya kamera na kupunguza gramu mbili kwenye fremu hakuwa na pa kuonyesha kazi yake.

MultiGP ilichagua njia nyingine, na ndiyo iliyoubeba mchezo wa watu wa kawaida. Inaunganisha klabu za mitaani, na hutoa ramani za njia zenye vipimo kamili. Klabu yoyote, popote ilipo, inaweza kusimamisha malango kwa vipimo hivyo, kurusha, kupima muda na kuulinganisha na wa watu wa bara lingine bila mtu kupanda ndege. Malango yenyewe yanaweza kuwa mabomba ya plastiki ya maji yaliyofungwa kitambaa. Kiwanja cha mpira, Jumapili asubuhi, watu kumi na hema moja: hayo ni mashindano kamili.

Siku yenyewe ya mbio huamuliwa na masafa ya redio kabla ya kuamuliwa na vidole. Picha za analogia husafiri kwenye masafa ya gigahezi 5.8, na marubani wamejipangia chaneli 8 zilizoachana kwa megahezi 37, kuanzia 5658 hadi 5917. Kila rubani ana yake. Nguvu ya mtambo hushushwa, mara nyingi hadi miliwati 25, ili mmoja asimfunike mwenzake. Dhambi kubwa kuliko zote uwanjani ni kuchomeka betri kwenye droni yako hemani wakati wengine wako hewani. Mtambo wako ukiwaka kwenye chaneli ya mtu, miwani yake inajaa picha ya meza yako, na droni yake inaelekea ardhini. Mgeni huambiwa hilo kabla hajaambiwa choo kiko wapi.

Saa nayo hutegemea masafa hayo hayo. Mfumo huria wa RotorHazard hauhitaji kibandiko wala mwali wa taa. Kipokezi kilichowekwa langoni husikiliza chaneli ya kila rubani, mawimbi yanazidi kuwa makali droni inapokaribia, yanafika kilele inapopita, na kilele hicho ndicho muda wa mzunguko. Mizunguko ni michache, mara nyingi mitatu. Baada yake wanatoka watu na nyasi magotini, wakitafuta droni zilizoanguka kwa kufuata mlio ambao mota zenyewe hutoa zikiamriwa. Propela zinabadilishwa, mkono uliopasuka unafunguliwa, na mbio zinazofuata zinaitwa.

Kipindi kimoja cha Juni 2022 kilionyesha ni wapi hasa muda unapotea. Katika hangari la uwanja wa ndege wa Dübendorf, karibu na Zurich, watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich chini ya Davide Scaramuzza walijenga njia ya malango 7 katika eneo la mita 25 kwa 25. Wakawaita mabingwa watatu: Alex Vanover aliyeshinda Drone Racing League mwaka 2019, Thomas Bitmatta aliyeshinda mashindano makuu ya MultiGP mwaka huo huo, na Marvin Schaepper, bingwa wa Uswisi. Walipewa wiki moja ya mazoezi. Mpinzani wao aliitwa Swift, programu ya akili mnemba iliyojifunza kwenye kompyuta, ndani ya uigizaji, na kuendesha droni kwa kamera na vihisi vilivyobebwa na droni yenyewe.

Swift alishinda mbio 15 kati ya 25, na muda wake bora wa mbio uliwapita wanadamu wote kwa nusu sekunde. Maelezo yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 yanasisimua kuliko matokeo. Kamera ya Swift ilikuwa ya polepole kuliko ya wanadamu: picha 30 kwa sekunde dhidi ya 120 za miwani yao. Lakini kutoka kuona hadi kutenda, mashine ilitumia milisekunde 40, na rubani bingwa hutumia wastani wa 220. Miaka yote hiyo mafundi walikuwa wakifukuzia milisekunde tano hapa, tatu pale, huku sehemu kubwa ya ucheleweshaji ikiwa ndani ya fuvu la rubani mwenyewe.

Palikuwa na mahali ambapo tofauti ilionekana wazi: malango mawili yaliyopandana, moja juu ya jingine. Rubani hupita la juu, hupinduka kichwa chini, huzama na kurudi kupitia la chini. Swift aliikata kona hiyo kwa ukaribu zaidi. Wanadamu walikuwa na ubora wao pia. Droni zao zikigonga kidogo waliendelea kuruka, ilhali mashine haikufundishwa kupona baada ya ajali. Na mwanga wa hangari ukibadilika kuliko ilivyozoea, ilichanganyikiwa.

Hata hivyo mashine ziliendelea kuimarika. Miaka mitatu kabla ya Swift, mwaka 2019, katika shindano la AlphaPilot la Marekani, timu ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft kutoka Uholanzi ilishinda dola milioni 1 kwa droni inayojiendesha, lakini siku hiyo hiyo rubani Gabriel Kocher alipita njia ile kwa karibu nusu ya muda wa mashine. Aprili 2025 watu wa Delft walikwenda Abu Dhabi. Droni yao, yenye kamera moja tu ya mbele, ilizishinda mashine za timu nyingine, kisha ikawashinda marubani mabingwa kwenye njia iliyotayarishwa na waandaaji, ikifika karibu kilomita 96 kwa saa. Maabara iliingia kwenye uwanja wa mbio na ikatoka na ushindi.

Klabu hazijafungwa kwa sababu hiyo. Watu bado wanataka kukaa ndani ya ile picha mbovu, na kuingia humo leo ni rahisi kuliko wakati wowote. Cha kununua kwanza ni rimoti. Nzuri ya kuanzia inapatikana kwa chini ya dola 100, inachomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na ndani ya simuleta kama VelociDrone au Liftoff mtu anaanguka mara elfu bila kununua hata propela moja. Drone Racing League imewahi kutoa mikataba ya kulipwa kwa washindi wa simuleta yake, watu waliochaguliwa kwa vidole vyao kabla ya vifaa vyao.

Hatua ya pili ni droni ya kiganjani yenye propela zilizozungushiwa ukingo, aina iliyoenezwa na Mmarekani Jesse Perkins kwa jina la Tiny Whoop, alipofunga kamera ndogo kwenye droni ya kuchezea. Ina uzito wa gramu 30 hivi. Ikimgonga mtu ni nadra kumjeruhi, na njia yake ya mbio ni miguu ya viti na mlango wa jikoni. Mashindano yake hufanyika ndani ya nyumba na kumbi, na mabingwa wakubwa hushiriki bila aibu, kwa kuwa kona ya sebuleni inadai usahihi ule ule. Droni ya inchi 5 ingoje. Ikiteleza mkononi ikiwa na propela, inakata nyama.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la kushughulikia kabla ya yote hayo, nalo ni sheria. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 chini ya mamlaka yake ya usafiri wa anga, KCAA, na Tanzania ina TCAA. Usajili na vibali vifuatiliwe kabla ya kuagiza, maana mzigo uliozuiliwa forodhani ni mgumu kuukomboa. Anayevaa miwani haoni mbingu inayomzunguka, hivyo nchi nyingi zinataka awe na mtu kando yake anayeitazama droni kwa macho matupu na kumtaarifu ndege, mtu au waya wa umeme unapokaribia. Na akisafiri kwenda mashindanoni, betri zake za akiba ziende kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kwani mashirika ya ndege hayaruhusu betri hizo za akiba kwenye mizigo ya chini.